Wawira Hakuficha Ng'ombe

Kijiji cha Kanja, kule Embu, huamshwa na ndoo. Ukungu ukiwa bado umeilalia mikahawa, hulia ndoo ya huyu, ikajibiwa na ndoo ya yule, mpaka kijiji kizima kiko macho.

Njagi alikuwa na ng'ombe mmoja tu, lakini alimkamua kama mtu mwenye zizi zima. Ng'ombe huyo aliitwa Karembo. Alikuwa mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Kulingana na Njagi, hakuna ng'ombe aliyetoa maziwa mengi kama Karembo upande ule wa mto. Majirani walisema mengine, lakini si mbele yake.

"Wawira! Maziwa tayari!"

"Nakuja, Baba."

Wawira alikuwa mtoto wake wa kwanza. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mabega ya kubeba. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na sasa alikaa nyumbani akisaidia kazi. Kila asubuhi alipeleka maziwa kituoni, kisha akaenda kuchuma kahawa.

Mama yake, Karwirwa, alizaliwa Muthara, kule Tigania. Alikuwa ameishi Embu miaka mingi, lakini ulimi wake ulikuwa haujahama Meru. Majirani walipenda kumtania.

"Mmeru, leo hasira yako umeiacha wapi?"

"Iko jikoni, bado ya moto. Nikupakulie?"

Watu walicheka, naye akacheka nao.

Katika nyumba hiyo kulikuwa na ubishi mmoja ambao haukuwa na dalili ya kuisha. Wawira alitaka kuwa mzimamoto. Alitaka pia kujifunza kazi ya ambulensi: kumfikia mtu aliyeumia, kumhudumia pale pale, na kumfikisha hospitalini akiwa hai.

Njagi hakupenda. Yeye alitaka binti yake awe mwalimu.

"Msichana apande ngazi ndefu? Abebe wanaume mgongoni? Mume atampata wapi?"

"Atampata akianguka kutoka ghorofani," alijibu Karwirwa. "Amdake, aende naye."

"Mama Wawira, mimi sichezi."

"Hata mimi sichezi, Baba Wawira. Mwanamume wa kudakwa ni mwepesi kubeba."

Ubishi huo uliisha siku ambayo mtoto wa jirani aliungua.

Jirani huyo aliitwa Igoki. Alikuwa ameepua sufuria ya uji na kuiweka chini. Binti yake mdogo, Cicily, alikuja akikimbiza kuku, akajikwaa. Uji wa moto ulimmwagikia mkono wote.

Kilio chake kilivuka ua. Watu walikimbia kutoka kila upande, na kila mmoja alikuja na dawa yake. Mmoja alileta dawa ya meno. Mwingine alileta mafuta ya kupikia. Njagi mwenyewe alikuja mbio na bakuli la unga wa ngano. Hivyo ndivyo alivyofanyiwa na nyanya yake alipokuwa mdogo, na kovu lake lilikuwa bado mguuni.

"Shika mtoto nimpake!" alisema Njagi.

"Baba, usimpake!"

Sauti hiyo ilikuwa ya Wawira. Hakuwa amewahi kumkataza baba yake kitu mbele za watu. Njagi alisimama na unga wake mkononi.

Wawira alimbeba Cicily mpaka kwenye bomba la maji uani. Alimvua bangili kabla mkono haujavimba. Kisha akafungua maji, yakatiririka taratibu juu ya mkono ulioungua.

"Wacha kummwagia maji, ataota malengelenge!" alisema jirani mmoja.

"Malengelenge yanatoka kwa moto, hayatoki kwa maji," alisema Wawira. "Moto bado uko ndani ya ngozi. Maji yanautoa. Unga na mafuta yanaufungia ndani. Dawa ya meno nayo inamuumiza zaidi. Mama, niletee leso safi. Na blanketi, tumfunike kifuani asishikwe na baridi."

"Utammwagia mpaka lini?" aliuliza Igoki huku akilia.

"Dakika ishirini, Mama Cicily. Maji ya bomba tu, si ya barafu. Halafu tunamfunika mkono bila kukaza, tunaenda hospitali. Malengelenge yakitokea tusiyapasue."

Walifanya hivyo. Hospitalini, daktari aliufunua ule mkono, akautazama, kisha akawatazama wote waliomleta mtoto.

"Nani alimmwagia maji?"

Igoki alimsukuma Wawira mbele.

"Umemwokolea mkono," alisema daktari. "Ningependa kila kijiji kiwe na mtu kama wewe."

Njagi alikuwa amesimama mlangoni. Unga ulikuwa bado umemkauka kwenye vidole. Aliuficha mkono huo mfukoni, lakini kifua chake kilipanda juu. Walipokuwa njiani kurudi nyumbani alimwambia mkewe, "Huyu mtoto ni wangu."

"Leo ni wako? Jana alikuwa wangu peke yangu."

Tangu siku hiyo Njagi hakutaja tena ualimu. Wawira aliandika maombi, na chuo kikampa nafasi katika kozi ya uzimamoto na huduma za dharura. Lakini hapo ndipo mlima ulipoanza. Karo ilikuwa kubwa. Kahawa yao ya mwaka mzima haingeitosha. Chuo kilisema wazi kwamba siku ya kufungua ikifika bila karo, nafasi hiyo atapewa mwingine.

Jumamosi iliyofuata Kivuti alikuja nyumbani kwao. Kivuti alizaliwa Kanja. Sasa alikuwa mzimamoto mjini Embu, na alikaa mtaa wa Majimbo. Siku zake za mapumziko alirudi kijijini na kuwafundisha vijana huduma ya kwanza katika uwanja wa shule ya msingi. Wawira alijifunza kwake, na hakuwahi kukosa hata siku moja.

Karwirwa alimpa kiti na nduma za moto.

"Nimekuja na habari," alisema Kivuti. "Kuna ufadhili wa masomo. Chama cha wazimamoto na wahudumu wa ambulensi kimeanzisha mfuko. Kinasomesha vijana wanaotaka kazi yetu."

"Mkopo?" aliuliza Njagi haraka.

"Si mkopo, Mzee. Mkopo unaulipa ukianza kazi. Ufadhili huulipi. Lakini una masharti. Lazima asome kwa bidii na afaulu. Akiacha katikati bila sababu, anaupoteza. Akimaliza, anatakiwa kuhudumu katika eneo letu kwa muda, asikimbilie mbali mara moja."

"Huyo hatakimbia," alisema Karwirwa. "Na wakati wa kuomba, tunampa nani kitu kidogo?"

"Humpi mtu yeyote chochote. Kuomba ni bure. Mtu akikuambia utume pesa kwanza ndipo jina lipitishwe, huyo ni mwizi. Mripoti."

Wawira aliuliza, "Wanataka mtu wa namna gani?"

"Mtu mwenye afya. Aliyemaliza shule na kupata nafasi chuoni. Aliyeonyesha kwa vitendo kwamba anaipenda kazi hii. Ukiwaandikia, waambie umefanya nini, usiwaambie tu unataka nini. Waandikie habari za Cicily."

"Si nitakuwa najisifu?"

"Kusema kweli si kujisifu. Kujisifu ni kuongeza chumvi." Kivuti alimenya nduma. "Kisha watakuja hapa nyumbani kuwaona. Watawauliza mna nini na hamna nini, wajue familia inaweza kubeba sehemu gani. Mimi sitakuwa kati yao. Nawajua nyinyi, kwa hivyo si haki niwe mwamuzi. Mzee, nakuomba kitu kimoja. Ufadhili huu si kama basari. Hawatafuti aliye maskini kuliko wote. Wanatafuta atakayefaa kazi. Waambieni ukweli."

"Tumesikia," alisema Njagi.

Lakini Njagi alikuwa amesikia kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa na jirani yake Munyi.

Miaka ya nyuma, Wawira akiwa kidato cha pili, Njagi alienda kuomba basari. Siku hiyo alivaa koti lake la kanisani na viatu alivyopaka rangi, kwa sababu alikuwa anaenda mbele ya watu. Munyi naye alienda. Munyi alivaa suruali ya shambani na kiatu kimoja cha mvua, akachechemea. Munyi alipata. Njagi hakupata. Tangu hapo Njagi aliamini kwamba koti lile ndilo lililomkosesha.

Sasa, maombi ya Wawira yalipokwisha kutumwa, Munyi alikuja kushauri, bila kuitwa.

"Njagi, usirudie makosa. Wageni wakija wasione kochi. Wasione redio. Mtoto avae sweta ile iliyotoboka kiwiko. Mama awape chai ya rangi, bila maziwa. Na huyu Karembo..."

"Karembo ana nini?"

"Ana mafuta! Huyu ng'ombe ananenepa kama tajiri. Mlete kwangu mpaka wageni waende."

Njagi alisita. Kisha akajitafutia sababu. Hata babu zake waligawa mifugo yao kwa marafiki, huyu mmoja, yule wawili, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize mali yote. Ng'ombe wa mtu kulala kwa rafiki yake lilikuwa jambo la heshima. Basi kosa liko wapi?

Wawira aliposikia alishtuka. "Baba, Kivuti alisema tuseme ukweli."

"Kivuti ana mshahara. Mimi nina wewe. Nafasi hii ikipita, utachuma kahawa mpaka uzeeke. Unataka hivyo?"

Wawira aligeuka. Alimtazama mama yake. Karwirwa alikuwa amekunja uso kama ngozi ya ngoma, lakini naye alikuwa anaogopa. Mtoto anapokaribia mlango, mzazi huogopa hata kukohoa.

"Baba Wawira," alisema mwishowe, "kochi nitalifunika. Redio nitaiondoa. Lakini chai ya rangi sitampa mgeni. Mimi ni Mmeru wa Muthara. Mgeni wangu hanywi maji yaliyotiwa rangi."

Siku ya wageni, Karembo alivutwa kwenda kwa Munyi. Alikataa kutembea. Aligeuza kichwa na kulia mpaka kona ya mwisho. Njagi alijifanya hasikii.

Wageni walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mwanamke aliyeitwa Wanjugu. Alikuwa mhudumu mkuu wa ambulensi, mwenye sauti ya chini na macho yasiyoharakisha. Wa pili alikuwa Thuranira, mzimamoto mstaafu kutoka Meru. Huyu na Karwirwa walisalimiana kwa Kimeru, wakacheka kama watu waliokutana ugenini.

Karwirwa alileta chai. Ilikuwa nyeupe, nzito, yenye utandu juu.

Thuranira alionja. "Hii ni chai! Maziwa ya hapa?"

"Ya kununua," alisema Njagi.

"Na lile banda pale? Zuri sana. Ng'ombe yuko wapi?"

Njagi alitazama chini. "Alikufa."

Karwirwa alianza kukohoa. Alikohoa mpaka akatoka nje.

Wanjugu alilitazama lile banda tena. Alimgeukia Wawira, aliyeketi kwenye kigoda akiwa na sweta iliyotoboka kiwiko. Alimuuliza juu ya shule, na Wawira akajibu. Alimuuliza juu ya mafunzo ya Kivuti. Wawira akajibu vizuri, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Njagi alishangaa. Hii haikuwa sauti aliyoisikia kwenye bomba la Igoki.

"Sasa nikuulize jambo la kazi," alisema Wanjugu. "Umeitwa kwenye nyumba ya watu. Kijana amezimia. Familia inakuambia ameanguka tu, hakunywa kitu. Lakini wewe umeona chupa ya dawa ya wadudu chini ya kitanda. Baba yake anakushika mkono. Anakwambia, tafadhali, usiseme, ni aibu kwetu. Ukifika hospitalini daktari atakuuliza umeona nini. Utamwambia nini?"

Wawira alifungua kinywa kujibu. Kisha akakifunga.

Njagi aliona mikono ya binti yake ikishikana juu ya magoti. Hakuelewa. Swali lilikuwa rahisi! Si aseme tu kwamba atamwambia daktari ukweli? Mbona hasemi?

Halafu akaelewa.

Wawira alisimama. "Madam, siwezi kujibu swali hilo kabla sijasema lingine. Ng'ombe wetu hajafa. Anaitwa Karembo. Yuko kwa jirani, amefichwa. Kochi liko pale chini ya magunia. Na mimi nina sweta nzima."

Karwirwa alikuwa amerudi mlangoni. Hakukohoa tena.

Wawira aliendelea, na sasa sauti ilikuwa ile ya bombani. "Sisi si watu wa kuonewa huruma. Tuna ng'ombe. Tuna kahawa. Tuna mikono. Baba yangu huamka kabla ya ndege. Chakula hatujakosa, na shule nilimaliza kwa jasho lao. Lakini karo yote ya chuo hatuiwezi, na huo ndio ukweli. Sasa najibu swali lako. Nitamwambia daktari nilichoona. Aibu hupona. Mtu akifa hafufuki."

Aliketi.

Njagi alitamani ardhi impasukie. Binti yake alikuwa ameufichua uongo wake mbele ya wageni, nyumbani kwake, kwenye kiti chake. Hasira ilimpanda mpaka kooni. Lakini ilipofika hapo ilikuta kitu kingine kimetangulia. Alimtazama mtoto huyu aliyekuwa tayari kupoteza kila kitu kwa neno moja la kweli, akajiuliza: Ujasiri huu ameutoa wapi? Naye alijua kwamba siku hiyo hakuutoa kwake.

"Mzee," alisema Wanjugu taratibu, "kwa nini?"

Njagi alieleza. Alieleza habari za koti la kanisani na kiatu kimoja cha Munyi.

Thuranira alicheka mpaka akafuta macho. "Mzee Njagi, mimi nimekagua majengo yaliyoungua miaka mingi. Natafuta moto ulianzia wapi. Unafikiri samadi mbichi ingenishinda? Nilijua tangu langoni kwamba marehemu alikula asubuhi."

Hata Wanjugu alitabasamu, lakini kidogo tu.

"Sikiliza, Mzee," alisema. "Basari ni ya kumsaidia asiye na kitu, na hilo ni jema. Anayedanganya huko humnyang'anya yatima. Ufadhili wetu ni mbegu. Tunatafuta shamba zuri la kuipanda. Tunauliza mali yenu ili tujue nyinyi mtabeba nini, nasi tubebe nini. Aliye na ng'ombe hafukuzwi. Anayemficha ndiye hufukuzwa, kwa sababu kesho tutampa ufunguo wa ambulensi, na tutamkabidhi vitu vya watu walioumia na siri za nyumba zao."

"Basi nifukuzeni mimi," alisema Njagi. Alisimama. "Uongo ni wangu, si wake. Na kama bado mnaweza kunisikiliza, nitasema jambo la kweli. Siku mtoto wa Igoki alipoungua, mimi nilikuja na unga. Mimi, mtu mzima! Ningemharibu yule mtoto. Huyu alinizuia mbele ya kijiji. Leo amenizuia tena. Mnataka mtu ambaye hataogopa hata baba yake? Ndiye huyu."

Wanjugu aliandika kitu. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Walimaliza chai, wakaaga.

Jioni hiyo Njagi alikwenda kwa Munyi kumchukua Karembo.

"Imekuwaje?" aliuliza Munyi.

"Wawira amewaambia."

Munyi alishika kichwa. "Amewaambia! Njagi, huyo mtoto ameukata mkono uliokuwa unampa."

Njagi alifungua kamba. Alimvuta ng'ombe wake njiani waziwazi, watu wote wakiona.

Kusubiri kulikuwa kugumu. Siku ya chuo kufunguliwa ilikaribia. Wawira alichuma kahawa kimya. Alisema hajuti, lakini chakula kilimshinda. Njagi alijaribu kumtania, akashindwa. Usingizi ulimkimbia. Alijua kwamba nafasi ikipotea, haitakuwa imepotezwa na ukweli wa mtoto. Itakuwa imepotezwa na uongo wake yeye.

Kisha Wanjugu akapiga simu. Wawira aliisikiliza akiwa amesimama katikati ya mikahawa. Wazazi wake walimkodolea macho.

"Amesema nimepata," alisema. Kikapu kilimponyoka. "Mfuko utalipa karo yote. Utanipa sare, viatu vya kazi na vitabu. Sisi tutalipa chumba na chakula, kwa sababu tuna ng'ombe na kahawa."

Karwirwa alipiga vigelegele vilivyosikika mpaka ng'ambo ya mto. Igoki alitoka kwake mbio, Cicily akiwa mgongoni. Mkono wa mtoto ulikuwa umepona, umebaki na alama hafifu tu. Hata Munyi alikuja.

"Nimewaambia nini?" alisema Munyi. "Mngenyamaza mngepata vyote, pamoja na chakula."

"Tungenyamaza tungepata aibu yote," alisema Karwirwa. "Chakula cha mtoto wangu nitalipa mimi, nikiwa nimesimama wima. Wewe endelea kuchechemea."

Njagi hakucheka. Alikuwa anafikiri. Nusu ya elimu hii ilitoka kwa watu wema, na nusu nyingine ingetoka mikononi mwake. Hakuwahi kujua kwamba mtu anaweza kupokea msaada na bado akatembea na kichwa juu.

Wawira alienda chuoni. Alijifunza kubeba mtu mzima kwenye ngazi. Alijifunza kuurudisha uhai wa mtu ambaye moyo wake umesimama, kwa kumkandamiza kifuani bila kuchoka. Alijifunza kutoa watu kwenye gari lililobondeka. Wapo wavulana waliomcheka wiki za kwanza. Siku ya kuvuta mpira mzito wa kuzimia moto waliacha kucheka. Matokeo yake yalikuwa mazuri kila muhula, na ufadhili haukukatika. Alipomaliza, kaunti ilitangaza kazi. Aliomba, akaitwa, akafaulu.

Siku moja Munyi alikuja kwa Njagi bila maneno mengi. Binti yake naye alikuwa amemaliza shule, na alitaka kazi ya ambulensi.

"Njagi, wewe unajua hawa watu. Nifiche nini?"

"Usifiche kitu," alisema Njagi. "Osha vikombe, vaa koti lako, waambie ulivyo. Mwambie mtoto aandike alichofanya. Kama hajafanya kitu, Jumamosi Kivuti yuko uwanjani. Aanze."

Mwezi huo huo, siku ya soko, moto ulitokea kwenye duka lililouza magodoro. Njagi alikuwa sokoni. Moshi mweusi ulifuka, watu wakajaa. Wengine walikimbilia ndani kuokoa mali. Wengine walijaa barabarani kutazama. Gari la zimamoto lilipofika kutoka mjini, halikuweza kupita. Vijana wengine walikuwa tayari wameokota mawe.

"Mmechelewa! Mmekuja bila maji!"

Mlango wa gari ulifunguka. Aliyeshuka alikuwa mrefu, amevaa koti zito na kofia ngumu. Alitazama moto, akatazama umati. Kisha akanyoosha mkono moja kwa moja kwa watu wa mbele.

"Fungueni njia! Hakuna kuingia ndani! Mama, shika watoto! Na wewe Mzee, rudi nyuma!"

Mzee aliyeambiwa alikuwa Njagi.

Jirani mmoja alimgusa bega. "Njagi, si yule ni Wawira? Ati anakuamrisha wewe?"

Njagi alikuwa ameshaanza kurudi nyuma. Alirudi kwa hatua kubwa, mikono yake imeenea, akiwasukuma wenzake, na kijana mwenye jiwe akajikuta amelidondosha.

"Hamjasikia?" Njagi alipaza sauti, na uso wake uling'aa kuliko ule moto. "Ofisa amesema turudi nyuma! Rudini nyuma!"

Umati ukafunguka. Gari likapita, na maji yakaanza kuruka.